Ufunguo Uchukue Kabla ya Bia ya Kwanza

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mume wangu ni mtu mwema, ila kila tukitoka kwenye sherehe anashika usukani akiwa amelewa, na watoto wetu watatu wamo garini. Nikimwambia, anajibu kwamba akinywa ndipo anapoendesha kwa makini. Juzi tukitoka Sinza kurudi Kibaha, alilipita lori pale Kibamba nikafumba macho. Leseni ninayo, lakini hataki niendeshe mbele ya ndugu zake. Nifanyeje?
Mama wa Watatu, Kibaha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jibu hilo la mumeo nimelisikia kwa wanywaji wengi, na ubaya wake ni kwamba hakudanganyi: anaamini kweli. Pombe huanza na akili ya kupima mambo. Kupepesuka huja baadaye. Ndiyo maana mtu anatembea wima hadi garini, anafunga mkanda vizuri, halafu lori analoliona liko mbali kumbe limeshafika. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 kila sekunde. Akichelewa sekunde moja tu kukanyaga breki, hizo zimekwenda.

Supu, kahawa, maji baridi usoni, vyote havisaidii. Vinamchangamsha tu. Chupa moja ya bia ya mililita 500 huchukua takriban saa mbili na nusu kuisha mwilini, kwa hiyo aliyekunywa sita kuanzia saa moja jioni bado ana pombe mwilini saa tatu asubuhi, anapowapeleka watoto kanisani.

Usibishane naye kwenye maegesho. Mashemeji wakitazama, hata mume mpole atang'ang'ania ufunguo. Zungumza naye asubuhi ya siku ya mwaliko, mkinywa chai: leo wewe kunywa, naendesha mimi, na ufunguo unakaa kwenye pochi yangu tangu tunapotoka nyumbani. Kwa ndugu zake aseme mwenyewe kwamba leo anapumzika. Akikataa, chukua watoto mpande teksi, bila kelele. Nauli itauma, lakini garini msiingie.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, ila usimsubiri trafiki akusaidie. Usiku ule Kibamba hakuwapo.

Na siku ya zamu yako, mwanangu, ni soda tu. Hata shampeni ya maharusi usiionje.