Mpaka wa Bustani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Wenye Lupango wa Lubumbashi

Mvua za kwanza zikianguka, mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba, kila mwenye lupango, yaani kiwanja cha nyumba, anashika jembe. Wiki haijaisha mahindi yako ardhini na matembele yamepandwa pembeni. Wiki hiyo hiyo majirani waliosalimiana mwaka mzima wanaanza kununiana, kwa sababu mstari mmoja umevuka mpaka. Katika komini ya Lubumbashi, kuanzia Makutano hadi Kalubwe na Golf, viwanja vingi vilipimwa vipana wakati mji ungali ukiitwa Élisabethville. Leo vimekatwa vipande viwili au vitatu, na bustani iliyokuwa ya mtu mmoja ina wenyewe wengi. Ugomvi hauna budi kuja pale ambapo watu hawakutengeneza mambo yao mapema. Haya ndiyo ya kutengeneza, na haya ndiyo ya kuacha.

Tazameni mpaka wakati wa kiangazi. Kati ya Juni na Septemba majani yamekauka, udongo umeonekana, na hakuna mwenye mbegu mkononi. Nenda kwa jirani mwenyewe, kwa miguu yako, umwambie kwa heshima: "Papa, twende tutazame jiwe la mpaka pamoja mbele ya mvua." Usimtume mtoto. Usimtume kijana anayekumwagilia lengalenga. Usipige kelele juu ya ua. Na mama anayelima bustani hiyo awepo, wa kwako na wa kwake, maana mara nyingi ni yeye anayejua jembe la mwaka jana liliishia wapi, wakati baba anajua tu kiwanja kilinunuliwa kwa bei gani.

Usiamini kichuguu. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu limeharibu majirani wengi. Vichuguu vya hapa kwetu ni vikubwa, vingine vimepita urefu wa nyumba, na wazee walipoonyeshana viwanja walizoea kusema "mpaka wako unafika kwenye kile kichuguu." Lakini kichuguu ni mali. Udongo wake ndio unaofyatuliwa matofali ya kuchoma, na ukimwagwa bustanini mboga zinaota kwa nguvu. Basi jirani mmoja anaanza kukichimba upande wake, kidogo kidogo, kwa koleo na toroli. Wa pili akiona hivyo naye anachimba kwake, kwa haraka zaidi, ili asipunjwe. Baada ya misimu michache mlima umekwisha. Waliobaki wana shimo lililojaa maji ya mvua na mbu, na hakuna anayeweza kuonyesha katikati yake ilikuwa wapi. Kama kichuguu kiko kati yenu, msikiguse hata koleo moja kabla ya kupimiwa mstari unapopita. Mkishapimiwa, gawaneni udongo, chimbeni pamoja, na fukieni shimo.

Mti nao hautoshi kuwa shahidi. Mwembe unanenepa, mti wa avoka unaanguka kwa upepo, ua wa miti unasogea kila ukipogolewa upande mmoja tu.

Tafuta jiwe la mpaka, na ukilipata usilisogeze. Hata sentimita 50. Watu wanasema nusu mita ni kitu gani? Hesabu: kiwanja chenye urefu wa mita 25, ukisogeza nusu mita, umechukua mita za mraba 12 na nusu. Huko si kuteleza kwa jembe, ni wizi wa ardhi, na kung'oa au kuhamisha alama ya mpaka kwa nia mbaya ni kosa la jinai katika sheria za Kongo. Anayelifanya usiku anajua vizuri anachofanya. Ukikuta jiwe limeng'oka kwa mvua au kwa gari lililoleta sima, usilirudishe peke yako hata kama una moyo safi. Mwite jirani, mwite shefu wa avenyu, lirudishwe mbele ya macho ya watu, na kama shimo lake halionekani tena, aitwe mpimaji.

Ujue karatasi uliyo nayo ni karatasi gani. Wengi wana fishi ya parseli ya komini na wanaitikisa mbele ya jirani kana kwamba imemaliza maneno. Haijamaliza. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo ni mali ya Serikali, na kwamba haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na certificat d'enregistrement inayotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Katika cheti hicho eneo limeandikwa kwa ari na sentiari: ari 6 na sentiari 25 ni mita za mraba 625. Chukua kamba, upime urefu na upana wa bustani yako, ulinganishe na mchoro wa kiwanja kabla ya kumwita mwenzako mwizi. Huenda ni wewe uliyevuka.

Na usiseme "nimelima hapa miaka ishirini." Kwa kuwa udongo ni wa Serikali, kulima kipande cha mwenzako miaka mingi hakukufanyi mwenye nacho. Jirani aliyenyamaza kwa upole hajakupa ardhi. Amekuvumilia, na una deni la kumshukuru.

Usinunue nusu ya bustani kwa karatasi ya mkono peke yake. Ndugu anayeuza upande wa nyuma ili alipe karo au matibabu, na mnunuzi mwenye haraka, wanaandikiana mbele ya mashahidi wawili na kesho ukuta unapanda. Kiwanja kikigawanywa lazima mpimaji wa kadasta aweke mawe mapya na cheti cha zamani kibadilishwe, kila mmoja apate chake. Bila hivyo mchoro bado unaonyesha lupango moja, na mpaka wenu uko katika kumbukumbu ya watu wawili ambao watakufa.

Usimsogezee mjane mpaka. Katika yote niliyoandika hapa, hili ndilo linaloniuma zaidi. Matanga hayajaisha, jirani ameshapanda mstari wake mpya wa muhogo ndani ya bustani ya marehemu, na wakati mwingine anashirikiana na shemeji wa mama huyo. Anajua kwamba mchoro alikuwa nao mume, na kwamba mama hana nguvu ya kwenda ofisini wiki hii. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inampa mwenzi aliyebaki haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi, na tena haki ya kutumia nusu ya ardhi inayoshikana na nyumba hiyo ambayo walikuwa wanailima, nusu nyingine ikiwa ya watoto. Bustani ya nyuma ya nyumba ni ardhi hiyo hiyo. Kwa hiyo wewe mume, ungali hai, mwonyeshe mkeo mawe yote manne na mahali cheti kinapowekwa. Wewe jirani, ukiona mwingine anafanya unyang'anyi huu, usikae kimya kwa sababu si upande wako. Nenda ukasimame na mama huyo mbele ya shefu, useme ulichokiona.

Maji yako yasiende kwa jirani. Mvua ya hapa ni ya nguvu, na udongo mwekundu ukikosa mahali pa kupita unakimbia na mbegu za watu. Ukiinua tuta kwenye mpaka, maji yote yanamwangukia wa chini. Chimbeni mtaro mmoja, mkubaliane unapopita hadi kwenye kanivo ya avenyu, na kila mmoja azibue upande wake kabla ya Novemba. Choo usikichimbe karibu na kisima cha jirani, hata kama mahali penyewe ni ndani ya kiwanja chako. Kunywa kwao kunakuhusu.

Tawi likivuka, mwambie mwenye mti alikate. Usimwagie mti wake chumvi wala mafuta. Embe la mtoto aliyeokota chini halifai kuwa kesi.

Usilete mtu mwenye bunduki. Lubumbashi kila mtu ana shemeji askari, au mjomba katika ofisi fulani, na njia fupi ni kumwita aje "azungumze" na jirani. Akija, jirani ataogopa leo. Kesho atatafuta wake, mwenye cheo kikubwa zaidi, na bustani ya mboga itakuwa mahali pa watu kupigwa na kufungwa. Askari hajui kusoma mchoro wa kadasta, na hakutumwa na Serikali kupima mahindi. Vilevile usitaje ulozi. Mahindi yakinyauka yana sababu zake, na mtu akishaitwa mlozi katika avenyu, hata mpaka ukipimwa vizuri hatapata tena usalama wake. Wazee wamepoteza nyumba kwa neno hilo moja.

Fuata ngazi, na usichelewe. Anza na jirani, kisha shefu wa avenyu na shefu wa kartie, wasikilize pande zote mbili na kuandika walichokuta. Wao wanapatanisha, hawana mamlaka ya kukupa wala kukunyang'anya ardhi. Ikishindikana, ombeni kadasta ije kupima mbele ya wote wawili, gharama mgawane, na kila pesa inayotolewa itolewe kwa risiti. Ugomvi wa vyeti unapelekwa tribinali ya grande instance. Kama jirani ameshika cheti kilichomeza sehemu yako, usikae kungoja aone aibu: cheti kikipita miaka 2 bila kupingwa, kukibatilisha kunakuwa kugumu sana, na mara nyingi kinachobaki ni kudai fidia.

Mkikubaliana, andikeni siku hiyo hiyo. Vipimo kwa mita, tarehe, saini za waume na wake wa pande zote mbili, shahidi mmoja kila upande, na nakala mbili. Ndipo mjenge ukuta. Anayejenga peke yake achimbe msingi wote ndani ya kwake. Mkijenga pamoja juu ya mstari wenyewe, iandikwe nani ametoa matofali na nani ametoa sima, na nani atautengeneza ukipasuka, na anayekuja kununua nyumba mojawapo aonyeshwe karatasi hiyo kabla hajatoa pesa.