Matumizi ya Kizibo katika Mazoezi ya Tarumbeta

Utangulizi

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, vijana wengi huijua tarumbeta kutokana na nyimbo za kanisani, hasa katika sharika za Kilutheri. Kipaji hicho kikiletwa shuleni hukutana na kikwazo: tarumbeta moja yatosha kuvuruga masomo ya madarasa kadhaa. Nayo midomo ya mwanafunzi aliyekatazwa kupuliza hulegea, na moyo wake huvunjika. Kizibo, yaani kifaa kinachotiwa katika mdomo mpana wa tarumbeta ili kupunguza sauti, chaweza kuyaokoa mazoezi yake. Kifaa hiki si kipya. Claudio Monteverdi wa Italia aliagiza kitumike katika opera yake ya mwaka 1607, L'Orfeo.

Zana

Mwalimu aweza kukunja karatasi ngumu kwa umbo la pia, akaziba upande mpana na kuacha wazi upande mwembamba unaoingia ndani. Karibu na upande huo mwembamba, agundishe vipande vitatu vya kandambili kuukuu, vilivyoachana. Pumzi hupita katika nafasi zilizo kati yake. Matambara yasitumiwe, kwani huweza kukwama.

Tahadhari

Kizibo huelekea kupandisha sauti. Mwanafunzi akiishusha kwa kulegeza midomo, atazoea kosa, na siku ya kupuliza bila kizibo sauti yake itakuwa chini ya wenzake. Tena kizibo huirudisha pumzi nyuma, hata anayepuliza kwa kifua kitupu hudhani pumzi yake inatosha.

Hatua za somo

1. Mwanafunzi apulize sauti ndefu bila kizibo kwa dakika 5, katika saa ya michezo au mbali na madarasa.
2. Atie kizibo, kisha avute kidogo mrija wa kusawazishia sauti hadi alingane na kinanda au tarumbeta nyingine. Midomo isibadilike.
3. Afanye mazoezi ya vidole na ya kuanza sauti kwa ulimi kwa dakika 15.
4. Atoe kizibo, arudishe mrija mahali pake, na kurudia sauti zile za mwanzo kwa dakika 10.

Hitimisho

Mwalimu apime maendeleo kwa hatua ya nne, wala si kwa ya tatu. Sauti ikitoka nyembamba au ikishuka, kipindi kifuatacho kizibo kipunguzwe. Kizibo ni cha kuwastahi majirani. Sauti kamili ndiyo shabaha ya somo.