Pilau ya Watu 150 na Mteja Asiyepatikana

Biashara ya kupikia shughuli ina udhaifu ambao duka la kawaida halina: bidhaa yake hairudi rafuni. Shati lisilouzwa leo litauzwa kesho. Pilau iliyoiva saa sita mchana na mwenyewe asitokee imekwisha kuwa hasara kabla ya magharibi, na ndani ya hasara hiyo mna mchele, nyama, mafuta, mkaa, kodi ya viti na ujira wa wasaidizi.

Barua iliyofika wiki hii imetoka kwa mpishi wa Kisauni, Mombasa, na inaeleza visa viwili. Mtu asiyemjua alimpigia simu akaagiza pilau ya watu 150 kwa shilingi 800 kila sahani, jumla 120,000. Walipatana arbuni ya 60,000. Ujumbe wa M-Pesa ukaingia ukionyesha 75,000, na punde mteja akapiga tena: amekosea, ameongeza 15,000, tafadhali arudishiwe. Mpishi akarudisha. Akapika. Siku ya shughuli hakuna aliyekuja, simu haikupatikana, na zile 75,000 hazikuwahi kuingia. Kisa cha pili ni cha ofisi moja ya mjini inayonunua chakula cha mchana cha watu 12 kila siku ya kazi. Ililipa miezi miwili ya kwanza, kisha miezi mitatu haikulipa, na deni sasa ni 198,000. Mpishi anauliza aende polisi au mahakamani, na ajikinge vipi siku za mbele. Jibu la kisa kimoja halifai kwa kingine, kwani cha kwanza ni utapeli na cha pili ni deni.

Katika kisa cha kwanza, tapeli hakuwa na haja na pilau. Shabaha yake ilikuwa zile 15,000. Oda kubwa ilikuwa chambo tu, na ukubwa wake ndio uliomfanya mpishi aone haya kubishana na mteja mwema namna hiyo.

Ujumbe wa kweli wa M-Pesa huingia kwa jina MPESA, chini ya jumbe za zamani za huduma hiyo hiyo. Wa bandia huja kutoka kwa nambari ya kawaida ya simu, hata kama maneno yamenakiliwa herufi kwa herufi. Lakini mpishi aliye na tui mikononi, simu ikiwa imeegemezwa kando ya mbuzi ya nazi, haangalii aliyetuma. Macho hukimbilia kiasi. Pa kutazama ni kwenye salio. Ujumbe wa kweli hutaja salio jipya baada ya pesa kuingia, na tapeli hana namna ya kulijua salio la mtu, kwa hiyo hulibuni au hulificha. Aliyekuwa na 3,200 kwenye simu akapokea 75,000 lazima asome 78,200. Njia ya hakika zaidi ni kuuacha ujumbe ulivyo na kuuliza salio kwa *334# au kwenye programu ya M-Pesa. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja, na mteja wa kweli hakasiriki akiambiwa asubiri.

Malipo yaliyozidi ndiyo dalili kubwa kuliko zote, na hujitokeza kwa sura nyingi. Mwingine huleta hundi ya kiasi kikubwa kuliko bei na kuomba ziada apewe mtu wa mapambo au wa muziki. Kiasi huweza kuonekana kwenye akaunti kabla benki haijamaliza kuithibitisha hundi. Ikirudi, chote huondolewa, na ile ziada iliyokwisha kutolewa imetoka mfukoni mwa mfanyabiashara. Wenye nyumba za wageni Diani na Watamu huletewa mtindo huo huo na mgeni wa ng'ambo anayelipa kwa kadi na kuomba sehemu ya pesa akabidhiwe dereva. Kadi ikiwa ya wizi, mwenyewe huyapinga malipo kwenye benki yake, na mwenye nyumba hunyang'anywa pesa zote wiki au miezi baadaye. Dawa ni moja: pesa zinarudi kwa njia ile ile ziliyojia, baada ya kuthibitika kuwa ziliingia, na haziendi kwa mtu wa tatu. Aliyekosea kweli kutuma ana mlango wake, maana mtumaji wa M-Pesa hupeleka ujumbe wa muamala kwa 456 na kampuni ya simu hulishughulikia ombi.

Kuhusu arbuni, wapishi wengi hudai nusu kwa sababu nusu ni rahisi kutamka. Kwa chakula, nusu haitoshi. Kiasi cha haki ni kile kinacholipia kila kitu kitakachonunuliwa au kukodiwa kabla ya moto kuwashwa, na kwa pilau ya nyama kiasi hicho aghalabu hupita nusu ya bei. Kinachoweza kusubiri ni faida ya mpishi. Safari ya kwenda soko la Kongowea ianze arbuni ikiwa imeingia, na salio lote lilipwe kabla masufuria hayajapakiwa garini. Likiachwa hadi baada ya shughuli, mwenye arusi atakuwa amezungukwa na wageni, na yule mjomba aliyeahidi kuchangia atakuwa hashiki simu.

Wagumu zaidi katika jambo hili si matapeli. Ni jirani, shemeji na mwenzake wa chama, ambao kuwaomba arbuni huonekana kama kuwavunjia heshima. Masharti yaliyochapishwa kwenye karatasi au picha moja ya WhatsApp na kutumwa kwa kila mteja bila kubagua humwondolea mpishi mzigo huo, kwani hapo hamwambii shemeji neno lolote ambalo wengine hawakuambiwa.

Karatasi hiyo haina haja ya lugha ya kiwakili. Itaje tarehe, mahali, idadi ya sahani, aina ya chakula, bei, arbuni, siku ya mwisho ya kubadilisha idadi, na kiasi kitakachozuiwa mteja akiahirisha. Kwa sheria ya Kenya, mapatano ya mdomo ya kazi kama hii yana nguvu, tofauti na mauzo ya ardhi, ambayo lazima yaandikwe. Shida ya mdomo ni ushahidi. Jibu la mteja la "sawa, nimekubali" chini ya masharti hayo, likihifadhiwa pamoja na nambari yake, litafaa kuliko mashahidi watatu wa jikoni.

Mteja mgeni mwenye oda kubwa apigiwe simu ya pili, aulizwe jina la ukumbi, na ukumbi nao uulizwe kama shughuli hiyo wanaijua. Oda ikija kwa jina la kampuni, usajili wake hutafutwa kupitia eCitizen. Oda rasmi ya serikali au shirika kubwa, maarufu kama LPO, huthibitishwa kwenye idara ya ununuzi yenyewe, kwa kwenda au kwa nambari iliyopatikana kwingine. Nambari iliyochapishwa juu ya LPO bandia humfikia tapeli mwenyewe. Anayedai ada ili mpishi apewe zabuni ni wa kuachwa hapo hapo.

Ofisi ya miezi mitatu haikumdanganya mpishi. Ilikopeshwa bila mpaka, ikakopa. Mkopo wa chakula unafaa uwe wa wiki, si wa mwezi: ankara itolewe Ijumaa, na Ijumaa ya pili ikifika bila malipo, Jumatatu sahani zisipelekwe. Kila siku mpokeaji atie saini daftari la sahani zilizofika. Mpishi huyu anasema hana daftari, ila kila asubuhi ofisi ilimtumia idadi ya sahani kwa WhatsApp. Jumbe hizo ndizo daftari lake, na asizifute.

Kwa kisa cha kwanza, mahali pa kwenda ni polisi. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka mitatu. Mpishi aende na simu yenye ule ujumbe wa bandia, nambari zilizompigia na rekodi ya 15,000 alizotuma, na asiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Ujumbe wenyewe pia hupelekwa bila malipo kwa 333, nambari ya Safaricom ya kuripoti utapeli.

Deni la ofisi polisi hawatalichukua, na wana haki. Udanganyifu wa kijinai huhusu uongo juu ya jambo lililopo au lililopita, kama kusema pesa zimetumwa ilhali hazikutumwa. Ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi iliyovunjwa ni madai. Kuianika ofisi Facebook kwa majina na picha za wafanyakazi kunaweza kumgeuza mdai kuwa mshtakiwa, kwa kashfa au chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Hatua ya kwanza ni barua ya kudai inayotaja kiasi, siku za chakula na muda wa kulipa, siku 14 kwa mfano. Ofisi ikijibu kwa maandishi kwamba inakiri deni ila haina pesa, jibu hilo lina thamani kubwa: madai ya mkataba hufa baada ya miaka sita, na ukiri wa maandishi uliotiwa saini huianzisha hesabu hiyo upya. Siku 14 zikipita bure, pa kwenda ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Ya kwanza ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, haifungwi sana na kanuni za ushahidi, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Mdai anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Kwa 198,000, mpishi atahitaji nakala za jumbe za kila asubuhi, rekodi ya malipo ya miezi miwili ya kwanza inayoonyesha bei waliyopatana, na barua ya kudai yenye alama ya kupokelewa.