Ziba Ufa, Usizibe Pumzi

Wanachama wenzangu, wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu Kinangop methali hii haihitaji mwalimu: Juni hadi Agosti baridi hupenya kila mahali, na gunia la makaa huisha mbio.

Basi ifikapo Mei sisi huanza maandalizi. Kwanza, huziba nyufa za ukuta kwa udongo. Pili, hutumia jiko lenye udongo ndani, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980. Udongo huo huzuia joto lisipotelee kwenye bati. Tatu, maharagwe hulowekwa usiku kucha. Yakishatokota nusu saa, sufuria hufunikwa na kutiwa kwenye kapu lililosheheni matambara, yakaiva polepole bila moto.

Lakini jamani, tahadhari kabla ya hatari! Makaa hutoa kabonimonoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Nyumba ikizibwa kabisa, jiko laweza kuwaua watu usingizini. Kwa hivyo jiko liwake penye hewa ya kutosha, na kabla ya kulala litolewe nje. Ukihisi baridi, ongeza blanketi. Blanketi halina sumu, ati!