Akiba Isiyooza: Chakula cha Miezi Mitatu Ndani ya Nyumba

Waswahili husema akiba haiozi. Mkulima wa Tabora anayemjua dumuzi atakuambia methali hiyo haikutungwa Unyamwezi. Unaweka mahindi ghalani mwezi wa sita, unayafungua mwezi wa kumi na mbili, unakuta punje zimetobolewa na chini ya gunia kuna unga mweupe ambao hakuna mashine iliyousaga.

Mdudu huyo ana urefu wa milimita tatu hadi nne, rangi ya kahawia iliyokoza, na mwili wa mviringo kama kipande cha njiti. Asili yake ni Amerika ya Kati. Barani Afrika alitambuliwa mara ya kwanza hapahapa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakambatiza Scania, jina la yale malori makubwa. Vipimo vya wakati huo kwenye maghala ya wakulima vilionyesha kwamba mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake yaliweza kupoteza hadi theluthi moja ya uzito kwa miezi michache tu. Hushambulia hata mihogo mikavu, na hutoboa mbao za ghala zenyewe.

Kwa hiyo kuweka akiba huku ni kazi ya kupima, kukausha na kufunga, na wakati wake ni kuanzia mavuno ya mwezi wa tano hadi mwisho wa kiangazi. Njaa ya Januari huamuliwa Juni. Misafara ya zamani kati ya Bagamoyo na Ujiji ililijua hilo vizuri: kabla ya kuingia Mgunda Mkali, lile pori kame kati ya Ugogo na Unyamwezi, nafaka ilinunuliwa na kugawiwa mapema, maana katikati ya pori hapakuwa na wa kukuuzia. Aliyefika Tura akiwa na kitu mkobani alikuwa amekipima kabla ya kuondoka.

Jua unajikinga na nini

Kaya nyingi za mkoa huu hazisubiri ukame ili zikose chakula. Mvua ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na mavuno ni mara moja kwa mwaka. Ukiuza mahindi Juni ili ulipe ada na madeni, Januari utanunua mahindi yaleyale kwa bei ya juu, tena wakati wa palizi ambapo mwili unadai chakula kingi. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge ana mtego mwingine: pesa ikichelewa, na shamba la chakula alilipunguza ili apanue la tumbaku, anakosa vyote viwili.

Kuna pia dharura zisizotoka shambani. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliharibu reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Mji unaotegemea reli na barabara moja mbili kwa chumvi, mafuta ya kula na sukari unapaswa kuvihesabu hivyo katika akiba, sambamba na mahindi. Ongeza ugonjwa wa mwenye nguvu nyumbani, na msiba, ambao huja na watu wa kulishwa.

Lengo la kwanza liwe miezi mitatu, Januari hadi Machi. Ukilifikia bila kuyumba, ndipo ufikirie sita.

Pima kwa kilo, achana na macho

Wasafiri wa karne ya 19, Richard Burton akiwa mmoja wao, waliandika kwamba posho ya mpagazi ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, karibu kilo 0.7. Huyo alikuwa mtu mzima anayebeba mzigo kutwa. Mgao unaotumika sana leo katika misaada ya chakula ni mdogo zaidi: gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, gramu 60 za jamii ya kunde, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Tumia huo kama msingi.

Kaya ya watu sita kwa siku 90 itahitaji:

- Nafaka: kilo 216. Ongeza kama sehemu moja ya tano kwa ajili ya kazi za shamba na wageni, ifike kilo 260.
- Maharage, kunde, choroko au njugu mawe: kilo 32 hadi 35.
- Mafuta ya kula: lita 15. Karanga zinaweza kuchukua nafasi ya sehemu yake.
- Chumvi: kilo 3. Uvinza, iliyouzia misafara chumvi, bado inazalisha. Chumvi haina haja ya kusubiri dharura, ila hakikisha ina madini joto.

Kilo 260 usizifanye zote mahindi. Magunia mawili ya kilo 100 yawe mahindi, na madebe matatu hivi yawe mtama au uwele, ambao hustahimili mwaka mbaya. Ukiweka mpunga, kumbuka gunia la kilo 100 likikobolewa hutoa mchele wa kilo 65 hivi. Faida yake ni kwamba maganda huukinga na wadudu, kwa hiyo ukae mpunga hadi siku ya kuliwa. Na mahindi ya akiba yasagwe dona. Sembe nyeupe inapendeza machoni, lakini sehemu ya chakula chako inabaki mashineni kama pumba.

Unapouza ziada, uza kwa mizani. Lumbesa moja tu, gunia lililojazwa kupita kipimo, inaondoka na siku kadhaa za chakula cha watoto.

Kausha mpaka chumvi iseme

Usiyaache mahindi shambani yakisubiri nafasi, kwa sababu dumuzi huanzia huko. Vuna yakikomaa, pukuchua, kisha anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Dumuzi hupenda zaidi punje zilizoshikamana na gunzi, hivyo kupukuchua peke yake ni kinga.

Wengi hupima ukavu kwa meno. Meno husaidia, ila kuna njia bora. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi uliyoikausha kwenye kikaango. Ziba, tikisa kwa dakika mbili, iache robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Ikidondoka yote chini, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Mahindi ya kufungiwa yanatakiwa yawe kwenye asilimia 13, kwa hiyo hata yakifaulu, yaanike siku nyingine mbili za jua kali. Karanga zinatakiwa zikauke zaidi, asilimia 7 hadi 8, mpaka ziite ndani ya maganda ukizitikisa.

Usilichukulie jambo hili kuwa la ladha tu. Nafaka na karanga zilizofungwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye ukungu zichambuliwe na kutupwa. Usizipeleke kwenye pombe wala kwa kuku.

Funga: chagua njia moja na uifuate

Kwanza safisha ghala. Fagia pembe zote, choma takataka za msimu uliopita, magunia ya zamani yachemshwe au yaanikwe, na mbao zenye matundu ziondolewe. Nafaka mpya isichanganywe na ya zamani hata debe moja.

*Mifuko isiyopitisha hewa.* Ina mifuko miwili ya nailoni ndani ya kiroba kimoja. Ikague kwa kujaza hewa na kusikiliza kama inavuja. Jaza, kamua hewa yote, kisha sokota mdomo wa mfuko wa ndani, ukunje na uufunge kwa kamba. Fanya hivyo kwa wa pili, halafu kiroba. Wadudu wakimaliza hewa iliyobaki hufa, na huhitaji dawa. Sharti lake ni kutoufungua ovyo. Ndiyo maana ni heri kuwa na mifuko miwili ya kilo 50 kuliko mmoja wa 100, uufungue mmoja wakati mwingine umetulia.

*Pipa au kihenge cha bati.* Kanuni ni ileile: kijae hadi juu, kifuniko kibane, maungio yazibwe. Hiki kina faida kwamba panya hawezi kukitoboa.

*Gunia la kawaida na dawa ya unga.* Dawa iwe ya kuhifadhia nafaka, mchanganyiko wa viambato viwili, kimoja cha fukusi na kingine cha dumuzi. Kipimo cha kawaida ni gramu 100 kwa gunia, lakini soma lebo, tazama na tarehe ya kuisha. Changanya juu ya turubai kwa koleo, kisha heshimu muda wa kusubiri kabla ya kula. Dawa ya pamba au ya tumbaku isiguse chakula kabisa. Na vidonge vya gesi vya kufukizia visitumike ndani ya nyumba wanamolala watu: gesi ile huua.

Kwa njia yoyote, weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, na uandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Kila baada ya wiki mbili piga magoti, pitisha mkono chini ya gunia na utazame viganja. Ukiona vumbi kama unga, usingoje kesho: mwaga, chekecha, anika, ufunge upya.

Ghala ambalo bibi zetu walikuwa nalo

Akiba ya nafaka tupu ni nusu ya akiba. Unyamwezi na Usukuma vina hazina ya vyakula vikavu inayoachwa kwa sababu tu mjini hakuna anayeisifia.

Viazi vitamu havikai, lakini michembe hukaa. Viache viazi vinyauke siku chache, vimenye, vikatekate vibichi na uanike hadi vivunjike kwa sauti. Matobolwa ni vilevile, isipokuwa viazi huchemshwa kwanza na maganda, vikamenywa, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Matobolwa mtoto hula hivihivi kwa chai. Michembe huchemshwa, ikapondwa na karanga, ikawa mlo kamili. Kazi hii ni ya Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu. Katikati ya msimu itoe tena juani, kwani wadudu huipenda.

Mboga nazo: majani ya kunde, ya maboga, na mlenda. Yachemshe kidogo, yaanike kivulini penye upepo ili vitamini zisiteketezwe na jua, kisha yafunge kwenye chombo kikavu. Uyoga wa masika hukaushwa hivyohivyo. Dagaa wa Kigoma waliokauka vizuri hukaa miezi ndani ya ndoo yenye kifuniko. Asali ya misitu ya miombo haiharibiki ikiwa imefunikwa. Ila mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe.

Muhogo ni ghala lililo ardhini: unauacha shambani na kuuchimba siku ya shida. Lakini aina chungu zinahitaji subira. Wakati wa ukame wa 1985 watu wa Tarime, mkoani Mara, walipatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla, kwa kula mihogo michungu iliyoandaliwa haraka. Udaga uvundikwe au ulowekwe siku zake zote na ukauke kabisa, hata kama njaa imebisha hodi.

Wa mjini afanyeje?

Kaya ya Cheyo au Ng'ambo, mjini Tabora, isiyo na shamba inunue kuanzia Juni, madebe matatu manne kila mwezi. Kufikia Septemba utakuwa umekaribia kilo 260 bila kukopa. Nunua mahindi, usinunue unga. Unga wa dona huharibika baada ya wiki chache, ilhali punje hungoja. Mafuta na chumvi vinunuliwe kidogo kidogo, kopo jipya liingie nyuma, la zamani litoke mbele. Weka pia madumu mawili matatu ya maji safi na gunia la mkaa, kwa sababu maharage makavu bila maji na moto hayamshibishi mtu.

Kubalianeni nani ana ufunguo

Akiba nyingi hazimalizwi na dumuzi; humalizwa na wenye nyumba. Mume huuza gunia moja kwa siri, mke hutoa debe kwa dada yake, na Desemba kila mmoja anamshangaa mwenzake. Kaeni mkiwa na mavuno mbele yenu, mhesabu pamoja: haya ya kula hadi Desemba, haya ya Januari hadi Machi, haya ya mbegu, haya ya kuuza. Mnunuzi aonyeshwe fungu la mwisho tu. Tengeni na debe moja la msiba na ndugu, ili mtu akija msilazimike kuchagua kati ya kumnyima na kuvunja akiba.

Fungu la Januari likifunguliwa, litoke kwa kipimo: kwa watu sita, kilo 2.9 kwa siku, au kilo 20 kwa wiki, kidogo zaidi ya debe. Kila Jumapili toa hilo tu. Likibaki gunia mwezi wa nne, liliwe kabla ya mavuno mapya kuingia, kisha anza hesabu upya.