SHAHIDI MTAALAMU KATIKA MGOGORO WA MALI
(Somo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi)

Ndugu Katibu, Ndugu Mwanachama,

Hapa Mabogini, tangu mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulipokamilika mwaka 1987, mashamba ya mpunga yamegawanywa katika ploti zenye upana wa meta 30 na urefu wa meta 100. Kati ya ploti na ploti pana tuta la udongo, na tuta huhamishika kwa jembe. Likisogezwa meta 3 kwa urefu wote, jirani hupoteza meta za mraba 300, yaani sehemu moja ya kumi ya ploti yake. Aliyekuwa akivuna gunia 20 atavuna 18, na hasara hiyo itamrudia kila msimu.

Kule mlimani mpaka wa kihamba huonyeshwa kwa masale, na wazee huyatambua. Huku tambarare twategemea ramani na mawe ya mpaka, navyo vyahitaji mtu ajuaye kuvisoma. Mtu huyo ndiye mada ya somo hili.

1. Shahidi mtaalamu ni nani?

Shahidi wa kawaida hueleza alichokiona au alichokisikia mwenyewe. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 humruhusu mwenye ujuzi maalumu kutoa pia maoni yake kuhusu jambo la sayansi au ufundi, au kuhusu utambuzi wa mwandiko na alama za vidole. Katika migogoro ya mali huwa ni mpima ardhi, mthamini, au mchunguzi wa hati inayodaiwa kuwa ya kughushi. Katibu aliyehudhuria ugawaji wa ploti aeleze alichokiona siku ile. Kukadiria thamani ya shamba si kazi yake.

2. Wajibu wake

(a) Kusema kweli mbele ya wanaoamua shauri, hata kama ujira wake umelipwa na upande mmoja.
(b) Kueleza njia aliyoitumia: alianzia jiwe gani, kwa ramani ipi, siku gani, na nani walikuwapo.
(c) Kutaja pia yale yasiyomfaa aliyemwita.
(d) Kutovuka mipaka ya ujuzi wake. Mpima aonyesha mstari wa mpaka ulipo. Nani mwenye haki, hilo huamuliwa na baraza au mahakama.

Tuchukue mfano. Mpima ameitwa na mdai. Mdai amemwonyesha tuta na kumwambia, "Mpaka ndio huu." Mpima ameanzia hapo, na hesabu zake zote ni sahihi. Barazani upande wa pili wamwuliza swali moja tu: "Je, jiwe la mpaka uliliona?" Ajibu kwamba hakuliona. Kazi yote imeanguka, kwa kuwa amepima maneno ya mdai badala ya kupima ardhi. Huenda mdai alikuwa na haki, lakini sasa hana wa kuithibitisha.

3. Hatari zilizopo

Kwa mtaalamu: akisema uongo kwa makusudi chini ya kiapo, Kanuni ya Adhabu yaweza kumpeleka kifungoni hadi miaka 7. Akipokea hongo ili abadili maoni yake, ametenda kosa la rushwa. Tena huenda akapoteza usajili ambao ndio riziki yake.

Kwa mwanachama: baraza halifungwi na maoni ya mtaalamu, laweza kuyakataa likitoa sababu. Aliyeuza ng'ombe ili amlipe mtaalamu hodari wa maneno aweza kukosa ng'ombe na shamba pia.

Kwa chama: katibu akimtafutia mwanachama mmoja mtaalamu dhidi ya mwanachama mwenzake, chama kizima huonekana kimeegemea upande.

4. Katibu afanye nini?

Kwanza, awahimize wagombanao wapatane mapema. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata husuluhisha tu, halitoi hukumu. Pili, ikiwezekana, pande zote mbili zikubaliane kumwita mpima mmoja na kuchangia gharama, nao wote wawepo shambani anapopima. Tatu, ahakikishe kwamba mtaalamu amesajiliwa. Kwa wathamini, usajili unasimamiwa na sheria ya mwaka 2016. Nne, atunze daftari la ploti na nakala za ramani, wala asifute mstari hata mmoja. Penye kosa, aandike sahihisho pembeni, tarehe na sahihi yake.

Maswali ya majadiliano

1. Je, mawe ya mpaka katika eneo la chama chenu yangalipo? Nani ayajua mahali yalipo?
2. Mtaalamu uliyemlipa akipata jibu linalokupinga, utamtaka alifiche? Kwa nini?
3. Daftari la chama chenu likiitwa barazani kesho, litasimama?

Ndugu, jadilini maswali haya katika mkutano, kisha mwende pamoja shambani mkayatazame mawe yenu kabla msimu haujaanza.