Saa Janja ya Zamani: Tuibadilishe au Tuiache?



Katika kliniki yetu ya presha na kisukari tumeanza kuulizwa swali ambalo hatukufundishwa chuoni. Mzee au mama anafika, anakunja mkono wa nguo ili apimwe, na juu ya kiganja tunaona saa janja aliyoletewa na mtoto wake wa Dar es Salaam au wa Muscat miaka minne au mitano iliyopita. Saa bado inatembea. Lakini mtoto amepiga simu kusema kwamba zimetoka mpya zinazopima mambo mengi zaidi, na kwamba ndugu wakichanga wataweza kuibadilisha. "Sista, tununue?"

Swali hili si la kuchekwa. Saa mpya ya kampuni kubwa ni mamia ya maelfu ya shilingi, na nyingine hupita milioni moja. Kwa familia ya Mzenga inayotegemea korosho, mihogo na biashara ndogo, hiyo ni ada ya shule au mabati ya nyumba. Tena anayevishwa saa hiyo mara nyingi ni mtu mwenye ugonjwa wa kweli. Akiiamini mahali isipostahili kuaminiwa, anaweza kupata kiharusi huku namba zikionekana nzuri.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ni mpya, tuulize: tunataka saa itusaidie kuamua jambo gani?

Saa inaona nini?

Ivue saa uigeuze. Mgongoni utaona taa ndogo za kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo unapopiga, damu huongezeka katika mishipa midogo chini ya ngozi, na mwanga unaorudi kwenye saa hupungua. Kati ya pigo na pigo mwanga huongezeka tena. Saa huhesabu kupungua na kuongezeka huko, ikakuandikia mapigo ya moyo kwa dakika. Saa za miaka kumi iliyopita zilifanya hivyo, na za leo zinafanya hivyo hivyo. Kweli, mpya zina taa nyingi zaidi na hesabu iliyoboreshwa, lakini kwa mtu aliyeketi ametulia tofauti si kubwa.

Kinachoharibu kipimo mara nyingi si umri wa saa, bali ni namna ya kuivaa. Mkanda uliolegea huruhusu mwanga wa nje kuingia. Mkono unaolima, unaotwanga au unaoshika bodaboda kwenye barabara ya mashimo huichanganya saa ikahesabu mtikisiko badala ya moyo. Ifunge juu kidogo ya mfupa wa kiganja, isiteleze wala isibane, ukae kimya dakika chache ndipo usome. Wengi waliotaka kununua mpya wangepata nafuu kwa kukaza mkanda tu.

Jambo moja linatuhusu sisi wenye ngozi nyeusi. Rangi ya ngozi nayo hufyonza mwanga. Mwezi Desemba 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba hata kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hospitalini kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Basi usinunue saa mpya kwa sababu tu "inapima oksijeni". Mtoto anayehema haraka huku mbavu zikiingia ndani, au mzee anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, apelekwe hospitali hata kama saa imeandika 98.

Mapigo yasiyo na mpangilio

Hapa saa janja zina sifa ya haki. Upo ugonjwa ambao vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kupiga vizuri. Damu hutuama humo, huganda, na kipande cha damu kikipanda kwenye ubongo mtu hupata kiharusi. Wengine hawasikii dalili yoyote. Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani kilifuatilia watu zaidi ya 419,000 wenye saa za Apple, matokeo yakatolewa Novemba 2019. Waliopata onyo walikuwa takribani watu 5 tu katika kila 1,000. Baadhi yao wakabandikwa kifaa maalumu kifuani, na kati ya hao theluthi moja hivi walionekana na ugonjwa huo wakati kifaa kikiwa kifuani. Saa zilizotumika zilikuwa za matoleo ya mwanzoni, ambayo leo mtoto wako angekuambia ni makumbusho.

Mwaka 2018 zikaja saa zenye kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG. Unaweka kidole cha mkono wa pili kwenye kitufe au ukingo wa saa kwa sekunde 30, na saa inachora mstari. Ni mstari mmoja tu, wakati mashine ya hospitali huutazama moyo kutoka pande 12. Na tafadhali lishikeni hili: mstari huo hautambui shambulio la moyo. Mtu mwenye maumivu makali ya kifua asikae kitandani akipima na saa.

Nani basi anafaidika? Yule ambaye moyo humwenda mbio ghafla, lakini akifika kwetu umekwisha kutulia na ECG yetu inatoka safi. Mtu wa namna hiyo akiunasa mstari wakati moyo unakwenda mbio, daktari hupata kitu cha kutazama, na akiona haja humpeleka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Ikiwa saa yake ya zamani haina kipimo hiki, na daktari amesema kitasaidia, hapo tunaona sababu ya kubadilisha.

Na presha je?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, nasi tunaomba tusikilizwe kwa utulivu.

Shinikizo la damu hupimwa kwa kuufunga mshipa wa mkono kwa mkanda wenye hewa, kisha kuachia hewa polepole. Saa za kawaida hazina mkanda wa hewa. Zinazodai kupima presha hukadiria kutokana na umbo la mapigo. Kampuni ya Samsung ilipata kibali cha kipimo hicho huko Korea Kusini mwaka 2020. Lakini someni masharti yake: mwenye saa lazima kwanza ajipime kwa mashine ya mkanda, aifundishe saa, kisha airudie kazi hiyo kila baada ya siku 28. Maana yake ni kwamba ili saa ikupimie presha, lazima mashine ya presha uwe nayo kwanza! Na kama unayo, saa ya nini?

Kampuni ya Apple ilikuja na njia nyingine Septemba 2025. Saa yake haitoi namba ya presha hata moja. Huangalia mapigo kwa siku 30, na ikiona dalili hutoa onyo kwamba huenda una presha ya kupanda. Onyo hilo halikukusudiwa kwa wajawazito, wala kwa walio chini ya miaka 22, wala kwa mtu ambaye tayari amekwisha kuambiwa ana presha. Yaani wazee wetu wote wanaochukua vidonge kila mwezi, ambao ndio watoto wanataka kuwanunulia, wamewekwa nje ya mlango na kampuni yenyewe. Na anayepata onyo anaelekezwa afanye nini? Ajipime kwa mashine ya mkanda siku saba, kisha aende kwa daktari.

Tena huduma hiyo haikuwekwa kwenye saa mpya za 2025 peke yake. Saa za kampuni hiyo za mwaka 2023 nazo ziliipata kwa kuongezewa programu tu. Kabla ya kutoa fedha, mwombe kijana anayejua simu aangalie kama saa uliyo nayo bado inapokea programu mpya. Huenda unachotaka kununua tayari unacho.

Halafu kuna zile za bei rahisi za kupangwa mezani Kariakoo na kuletwa minadani, zinazoandika presha, sukari na hata furaha ya moyo. Kuhusu sukari tuseme waziwazi: mwezi Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini kwa kufuata namba ya saa kama hiyo anaweza kuzimia na kufa. Ukitaka kuijua saa ya namna hii, ifunge kwenye kipande cha muhogo. Ikikuandikia presha ya muhogo ni 120 kwa 80, umepata jibu.

Tunasema haya kwa uchungu kwa sababu tumewaona waliopunguza vidonge vya presha, wengine wakaviacha kabisa, kwa kuwa saa ilionyesha namba nzuri wiki mbili mfululizo. Dawa haiachwi kwa amri ya saa, iwe mpya au ya zamani.

Lini kubadilisha

Ibadilishe kama betri imevimba, kioo kinainuka, au saa inapata moto mkononi. Hilo si la kusubiri mshahara, ivue leo. Mwezi Machi 2022 kampuni ya Fitbit iliomba zirudishwe saa zake za aina ya Ionic kwa sababu betri ziliweza kupata moto na kuunguza watu. Ibadilishe pia kama chaji haimalizi nusu siku na fundi ameshindwa, au kama mzee anaishi peke yake, huanguka mara kwa mara, na saa aliyo nayo haina uwezo wa kutambua kuanguka na kuwapigia ndugu. Lakini kumbukeni kwamba saa nyingi za namna hiyo hupiga kwa kutumia simu iliyo karibu. Simu ikiachwa nyumbani na mzee akaanguka shambani, au mtandao ukikosekana bondeni, hakuna atakayeitwa.

Ukishaamua kununua, uliza mambo ambayo muuzaji hatakuambia. Je, itakubaliana na simu yako? Saa za Apple hazifanyi kazi bila simu ya Apple, na zile za Samsung zilizotoka tangu 2021 hazikubaliani na simu hiyo. Wako walionunua saa wakajikuta wananunua na simu. Je, kipimo unachokitaka kimefunguliwa kwa Tanzania? Kampuni hufungua ECG na presha nchi kwa nchi kufuata vibali, na saa iliyonunuliwa ng'ambo inaweza kufika hapa ikiwa na kitufe kisichoitika. Je, chaji hukaa muda gani? Nyingine hutaka umeme kila siku, wakati ile nyepesi ya zamani ilikaa wiki. Umeme ukikatika siku mbili, saa ya gharama inakuwa bangili.

Kama mgonjwa ni wa presha na fedha ipo, sisi tungenunua mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya saa mpya. Chagua yenye mkanda unaolingana na unene wa mkono, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Siku ya kliniki ije nayo tuilinganishe na yetu. Kabla ya kupima, kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono uko juu ya meza usawa wa moyo, na usizungumze. Usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa iliyotangulia. Pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, ukipumzika dakika moja katikati, kwa siku saba, ukaandike kwenye daftari. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 au zaidi, njoo. Ikifika 180 kwa 120 na kuna maumivu ya kifua, kichwa kikali, macho kutoona vizuri au upande mmoja kulegea, usingoje usafiri wa kesho. Tafuteni gari usiku huo huo mfike Mlandizi, Tumbi au hospitali yoyote iliyo karibu.

Saa ya zamani iache mkononi. Iwekee kengele ya vidonge, asubuhi na jioni. Hesabu nayo hatua, uone kama wiki hii umetembea kuliko wiki iliyopita. Ukiona mapigo ya kupumzika yamepanda siku kadhaa bila sababu, pimwa malaria na damu.

Na ikiwa saa hiyo inatoka kwa mtoto kwenda kwa baba, mtoto aifungue kwanza kwenye simu yake na kufuta kila kitu, kisha aandike umri, jinsia, urefu na uzito wa baba. Tulipokea saa moja iliyoendelea kumhesabu mzee wa miaka 71 kama kijana wa 29, ikimhimiza kila jioni akimbie.